Mstari wa Njano kwenye Nati

Obihiro, 18 Oktoba 1998

Shangazi Fusae,

Pokea shikamoo yangu kutoka huku ambako baridi bado haijatutesa lakini imeshaanza kubisha hodi. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua, na anakushukuru kwa mizizi ya yungiyungi. Tumeila wiki nzima, ya kuchemsha, ya kukaanga, mpaka tumeomba poo. Viazi vimevunwa, matrekta yote ya ushirika yamerudi kwangu hoi, na mafundi wenzangu wawili wamelala na mafua. Wewe je? Masikio yanaendeleaje? Nilikupigia simu mara mbili. Mara zote mbili ulisema "Hatununui!" ukakata.

Sasa jambo lenyewe. Gari la marehemu baba nimelirudisha barabarani. Jumapili nililipeleka uwanja wa mbio wa Tokachi, na Shangazi, linakimbia kweli! Ila mzunguko wa nne, joto la oili lilifika nyuzi mia na thelathini na tano, presha ikaanza kushuka, nikarudi polepole huku nimeshika roho mkononi. Kila mtu pale ananiambia nifunge kipoza oili, ile rejeta ndogo inayokaa mbele nyuma ya bampa, oili ipite humo ipoe kabla ya kurudi kwenye injini.

Mwezi Juni tunamfanyia baba ibada ya kumbukumbu, miaka miwili tangu atutoke. Rafiki zake wa zamani watakuja, na nataka kulizungusha gari lake mizunguko kumi kamili mbele yao. Na wewe nataka uwepo. Kwenye mazishi hukuja, sikuulizi. Safari hii njoo, na kipoza hicho ukifunge kwa mkono wako, maana Mama anasema hakuna aliyeijua mipira ya kupitishia oili kama wewe.

Mpwa wako,
Shunpei


Tsuchiura, 9 Novemba 1998

Shunpei,

Barua nimeipata, nami ni mzima isipokuwa masikio, ambayo yalikaa na injini miaka arobaini na sasa yamestaafu kabla yangu. Ziwa limeanza kutoa ukungu asubuhi. Paka amezaa ndani ya boksi la gasketi. Mpe pole mama yako kwa goti, mwambie alikande kwa maji ya moto, asilipakie dawa za matangazo.

Kuhusu oili: zungusha mzunguko mmoja wa kasi, mmoja wa polepole, halafu mmoja wa kasi. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyofanya. Hilo gari halihitaji kipoza, dereva ndiye anayehitaji kupozwa. Kila mpira unaouongeza ni mahali papya pa kuvujia, na injini ya silinda sita iliyofufuliwa mara moja haifufuki mara ya pili.

Badilisha oili kabla ya theluji. Nakutumia natto, soya iliyochachuka vizuri.

Fusae


Obihiro, 29 Novemba 1998

Shangazi,

Salamu za theluji, imefika magotini. Natto imefika imeganda kama tofali ila imeliwa. Mama ameacha dawa za matangazo, anasema umejuaje.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la "utakuja au huji", sikuliona. Labda limeanguka kutoka kwenye bahasha.

Nina habari. Katika stoo ya baba, chini ya matairi, nimekuta boksi. Ndani yake mna kipoza oili kizima, mipira miwili na nati zake nne, vyote vimefungwa kwa gazeti la Mei 1987. Kwa hiyo gari hili liliwahi kuwa nacho! Na ni ninyi mliofunga, wewe na baba, mlipokuwa na gereji pamoja huko Tsuchiura. Nakumbuka nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo huo tukahamia huku kwao Mama, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Sasa kwa nini enzi zenu lilihitaji kipoza na leo halihitaji? Ninakisafisha, nakirudisha.

Shunpei


Tsuchiura, 12 Desemba 1998

Shunpei,

Salamu zitafuata barua ijayo. Kipoza hicho kitupe. Kitupe leo, kabla hujanywa chai.

Injini ile ilikufa kwa kukosa oili. Beringi zilisagika, na chuma kilichosagika kilisambaa ndani ya kipoza. Vipenyo vyake ni vyembamba kama nywele, ukisafisha mwaka mzima vipande vitabaki, na siku unayokifunga vitatoka kuja kula beringi zako mpya. Hakuna fundi anayekirudisha kipoza cha injini iliyokufa. Kwenye matrekta hawakufundishi hilo?

Kama umeamua kuwa mkaidi kama aliyekuzaa, basi sikiliza. Nunua kipya. Hakikisha ile sahani inayokaa kati ya injini na filta ina themostati ndani yake, ili oili isipite kwenye kipoza mpaka ipate moto. Nati za mipira ni za aluminiamu, ni laini, usizikaze kwa lile rungu unalokazia matrekta. Kwanza mkono, halafu spana ya kipimo, halafu ndipo unachora mstari wa kalamu ya rangi, uanzie kwenye nati uvuke mpaka kwenye mpira. Kisha mtu wa pili anakagua: anapitisha spana yake na kuchora mstari wake pembeni. Kila mtu ana rangi yake. Kwetu sisi mstari haukuwa pambo. Mstari ni kusema mbele ya watu, "Hii nimeikaza mimi."

Usichore kabla ya spana. Hata kama nyumba inaungua.

Fusae


Obihiro, 24 Januari 1999

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umechelewa na mimi nimechelewa zaidi. Mama anatembea bila fimbo. Tumepata nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri, kope zinagandana mtu akipepesa.

Kipoza nimefunga. Tafadhali usinikaripie, au nikaripie ila umalize kusoma kwanza. Nilipata kilichotumika, kizuri sana, kutoka duka la vipuri vya mtumba. Sahani yake haina themostati. Nilijiambia, huku ni baridi, nani anahitaji kifaa cha kuzuia ubaridi? Sasa nikiendesha nusu saa, oili haivuki nyuzi arobaini na nane, na chini ya kifuniko cha oili kumejaa povu jeupe kama uji. Nimekiziba kipoza kwa kadibodi ya boksi la viazi. Joto limepanda mpaka sitini. Watu wa hapa wote wanafanya hivyo wakati wa baridi, si mimi peke yangu.

Kile cha zamani nimekitupa kama ulivyoamuru. Lakini nimebaki na nati moja, nilipenda nizione hizo rangi zenu. Imefunikwa na oili iliyoungua, nyeusi tii, ila upande mmoja unaonekana mstari wa njano. Huo ni wako au wa baba?

Na Juni je?

Shunpei


Tsuchiura, 15 Februari 1999

Shunpei,

Nimemaliza kusoma kwanza. Sasa nakukaripia.

Povu hilo ni maji! Oili baridi haichemshi unyevu, unyevu unachanganyika na oili, na injini ya marehemu inaogelea kwenye uji. Umefunga kitu cha kupoza kwenye gari lililoko ndani ya friji, halafu umekivalisha boksi la viazi kipate joto. Nimemsomea jirani yangu bi Nezu, amecheka mpaka akakohoa, mimi sikucheka. Na najua kitakachotokea: Juni utasahau hiyo kadibodi, utaingia uwanjani nayo, na oili itachemka. Watu wazima wenye akili wamefanya hivyo, kila mwaka, tangu kadibodi zivumbuliwe.

Kwenye kifurushi hiki kuna sahani yenye themostati, inafunguka kwa nyuzi themanini na mbili. Nimeijaribu mwenyewe ndani ya sufuria ya maji na kipimajoto. Mwaga oili yote. Fungua, weka hii, jaza mpya. Nati zote nne zikaze kwa mkono tu, uache hapo hapo.

Miti ya plamu imeanza kuchanua uani. Paka wadogo wote wamepata wenyewe isipokuwa mmoja mwenye kiburi, nimemwita Shunpei.

Fusae


Obihiro, 3 Machi 1999

Shangazi,

Asante kwa sahani. Imefungwa. Kadibodi bado ipo, nitaitoa theluji ikiyeyuka. Mama anakusalimu. Asante pia kwa paka.

Hii ni barua yangu ya nne. Umenijibu kuhusu beringi, uji, boksi, sufuria na paka. Maswali mawili umeyaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimechoka, Shangazi, nasema kwa heshima zote. Baba alikaa huku miaka kumi na hakuwahi kutaja jina lako mezani, na kila mwisho wa mwaka alikutumia kadi ya kuchapwa isiyo na hata neno moja la mkono. Akafa hivyo. Mimi nazika watu mara moja, sitaki kuendelea kuzika na barua.

Mama anasema kalamu ya baba ilikuwa nyeupe. Kwa hiyo njano ni yako. Kwa nini umeshindwa kuandika neno moja, "yangu"?

Shunpei


Tsuchiura, 2 Mei 1999

Shunpei,

Nimechelewa miezi miwili. Nilianza barua hii mara saba, sita zimewasha jiko. Mimi si mgonjwa. Mashamba ya yungiyungi yamejaa maji na vyura wanapiga kelele, bi Nezu anasema, mimi siwasikii.

Yangu.

Ilikuwa Mei, siku moja kabla ya mashindano ya Tsukuba. Nati nne. Nilikaza tatu kwa spana. Ya nne nilikuwa nimeifunga kwa mkono, kalamu iko mdomoni, ndipo bi Nezu akaja na ule ubao wa matangazo ya mtaa. Unaujua, ukifika kwako lazima usome, upige muhuri, uupeleke nyumba inayofuata, hauwekwi chini. Nikajiambia spana nitaipitisha nikirudi, na ili nisisahau ni ipi, nikaichora mstari. Nikachora kabla ya spana. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wengine kwa kosa hilo hilo.

Nyumba iliyofuata walinikaribisha chai, ningekataaje. Niliporudi bampa limeshafungwa na gari liko juu ya lori, baba yako ananipungia mkono nipande. Mkono wangu ulikumbuka nati tatu. Nikauambia ni nne.

Mzunguko wa sita mpira ulichomoka. Oili ilimwagika kona nzima, magari mawili yakateleza kwenye nyasi, mbio zikasimamishwa nusu ya siku watu wakinyunyiza unga wa kunyonya mafuta. Na baba yako, Yasunori, mdogo wangu, alikwenda timu moja baada ya nyingine, zote kumi na tisa, anainama mpaka kichwa kinakaribia magoti, anasema, "Ni kosa langu. Ile nati ni kosa langu." Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba maboksi ya keki za kuombea radhi. Nilikuwa nagawa keki, Shunpei. Sikufungua mdomo hata kwa timu ya kumi na tisa.

Kesho yake aliufungua ule mpira mwenyewe, akanizuia kusogea. Nikajua ameuona mstari wangu kwenye nati iliyolegea. Agosti akahama. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningemjibu, tungegombana siku tatu tukala tambi pamoja siku ya nne. Kwenye mazishi nilifika mpaka bandari ya Oarai, nikakata tiketi ya meli, nikarudi nyumbani. Ningesimama mbele ya picha yake niseme nini?

Sasa umejua. Usinisubiri Juni.

Fusae


Obihiro, 14 Mei 1999

Shangazi Fusae,

Shikamoo. Sisi wazima. Theluji imeisha, wakulima wanapanda viazi na kuharibu matrekta.

Barua yako nimemsomea Mama jikoni. Akasema kitu ambacho ningependa angesema miaka mingi iliyopita. Anasema baba alipoamua kuhama alimwambia, "Siwezi kumtazama Dada usoni." Mama akadhani mmegombana, na kwa sababu ni mke wa mtu hakutaka kuingilia mambo ya ndugu. Familia gani hii? Wote mnafunga midomo kuliko mnavyofunga nati.

Nikaenda stoo nikaichukua ile nati. Nilikuwa sijaiosha. Nikailoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa mswaki. Uchafu ulipotoka, nikaigeuza pande zote.

Kuna mistari miwili, Shangazi. Wa njano, na pembeni yake mweupe. Umeniambia mwenyewe sheria yenu: wa pili ni wa aliyekagua, anapitisha spana kisha anachora. Nati ile ilikuwa ya mkono tu. Angepitisha spana angejua mara moja. Hakupitisha. Alichora tu.

Nakutumia hapa ndani ya bahasha, imefungwa kwa leso. Iangalie mwenyewe.

Ibada ni tarehe 13 Juni. Mizunguko ni alasiri ya siku hiyo. Nati zangu zote nne ni za mkono, sijazigusa kwa spana, na sitamruhusu mtu mwingine azikaze. Kama huji, gari litabaki gereji.

Shunpei


Tsuchiura, 24 Mei 1999

Shunpei mwanangu,

Leo sina maneno ya kupamba. Nati imefika. Nimeipeleka dirishani kwenye mwanga nikavaa miwani yote miwili. Wa njano ni wangu. Mweupe ni wake, umepinda kidogo mwishoni, yule alikuwa mtu wa mkono wa kushoto na hakuwahi kuchora mstari ulionyooka maishani mwake.

Mjinga. Mjinga yule, Yasunori! Miaka kumi mizima! Lori lilikuwa likingoja, akaona rangi yangu, akasema Dada ameshakaza, nani wa kumkagua Dada, akachora akafunga bampa. Na mimi nilidhani hakupata hata nafasi ya kukagua. Pale uwanjani nilidhani ananifichia aibu, kumbe alikuwa anaungama ya kwake. Alinizuia nisisogee karibu na mpira ule ili nisiuone wake, mimi nikadhani ni kwa sababu ya wangu. Kadi zote zile zisizo na neno! Ningempiga kwa ile spana, halafu ningemkumbatia, na sasa siwezi kufanya lolote kati ya hayo. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Nimelia pia, mwambie mama yako, na mwambie yeye naye nina maneno naye, ila nitamletea dawa ya goti.

Nimekata tiketi ya meli kutoka Oarai, na safari hii nimeipanda kichwani tayari. Nafika bandari ya Tomakomai asubuhi ya tarehe 11 Juni. Njoo unipokee, sanduku la spana ni zito. Usinipokee kwa gari la baba yako, nati zake ni za mkono. Na ile kadibodi itoe leo, kabla hujaikunja barua hii.

Tarehe 12 nitakaza zote nne, nitachora njano. Bi Nezu hayupo huko, ubao haupo, na nikikaribishwa chai nitakataa. Wewe nunua kalamu yako, rangi yoyote, nyeupe tu usiiguse. Nikimaliza utachukua spana uzipitishe moja moja, zote nne, mbele yangu, na hata nikikuambia nimekaza, mimi shangazi yako, fundi wa miaka arobaini, usiniamini hata kidogo.

Fusae